Viti Viwili Nje ya Ukumbi wa Baraza

Kaka Lusekelo,

Barua ya mdogo kwa mkubwa huanza na shikamoo. Yako ipo, nimeiweka, na huko mbele nitakwambia utaipatia wapi.

Ujumbe wako umenifikia. Mjomba aliuleta Jumamosi. Alikaa sebuleni kwangu akanywa chai vikombe viwili, akaulizia watoto, akaulizia mvua, na hapo nikajua alichokibeba si cha heri. Mwishowe akasema, "Kaka yako huko Iringa anaomba jiwe la kaburi la mama yenu lisomeke Mama Lusekelo, kama watu walivyomwita. Hilo la Mama Bupe anasema linamdhalilisha." Nilimuuliza kama neno hilo la kudhalilisha ulilisema wewe mwenyewe au ni yeye kalitafuta njiani. Akasema ulilisema wewe, tena mara mbili.

Nakujibu kwa barua ya wazi, aisome anayetaka. Ulichonitendea hukunitendea chumbani. Ulinitendea mbele ya madiwani wote, wakuu wa idara, waandishi wa habari wawili na wananchi waliojaa viti vya nyuma, ukiwa umevaa joho na mkufu shingoni. Kwa hiyo usije ukanitumia mjomba tena kuniambia mambo ya nyumbani hayatolewi nje. Aliyenitoa nje ni wewe.

Tuanze na jina, maana ndilo unalolilia. Tangu uzaliwe mama hakuitwa tena kwa jina lake. Alikuwa Mama Lusekelo kanisani, Mama Lusekelo kisimani, Mama Lusekelo kwa wenzake waliopanga ndizi na viazi pembeni ya barabara kuu. Madereva wa malori ya Tunduma walipunguza mwendo kwenye ile kona ya kwetu, wakatoa kichwa dirishani, "Mama Lusekelo, umetuwekea ule mkungu?" Mimi nilipokuja, miaka mitano baadaye, jina halikubadilika. Nikitumwa dukani nilisema nimetumwa na Mama Lusekelo. Sikuona wivu hata kidogo. Nilidhani mama wote wa dunia huitwa kwa majina ya kaka.

Unakikumbuka kigoda chake? Kile cha miguu mitatu, mguu mmoja mfupi, alichokiegemeza kwenye jiwe ili kisiyumbe. Wanawake wa barabarani wakigombana, fulani kamvutia fulani mteja, fulani kahamisha fungu lake usiku, kesi ililetwa kwa mama. Aliketi kwenye kigoda, wao wakaketi chini kwenye majani ya migomba, akasikiliza. Lakini siku ile mkungu wake yeye mwenyewe ulipogombaniwa, aliinuka, akamwita mama wa jirani, akamwambia, "Kaa wewe. Leo mimi nina neno langu." Akaketi chini na wengine. Wewe na mimi tulikuwa nyuma ya mlango tukichungulia. Uliniuliza kwa nini mama kakubali kuketi chini wakati kigoda ni chake. Nilikuwa mdogo, sikujua. Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili, na nadhani ulijua.

Jioni tukishakula ulikuwa unakichukua kile kigoda unacheza mwenyekiti. Mwiko ndio ulikuwa rungu lako. "Mheshimiwa Bupe ana hoja?" Nami nasimama, kamasi zinanitoka, "Mwenyekiti, naomba leo nisioshe vyombo." Unagonga mwiko. "Wanaoafiki waseme ndiyo." Nasema ndiyo, peke yangu. "Wasioafiki waseme siyo." Unasema siyo, wewe mwenyewe, kwa sauti nzito ya kuazima. "Waliosema siyo wameshinda." Mama alicheka jikoni hadi akakohoa moshi. Kisha akasema, bado anacheka, "Lusekelo, mwenyekiti gani huyo anayejibu mwenyewe? Shuka kwenye kigoda changu." Ulishuka. Vyombo nikaosha vilevile.

Miaka ikapita ukawa diwani, kisha Mstahiki Meya. Mama alikuona ukivaa joho kwa mara ya kwanza. Alikaa viti vya nyuma na sweta lake la rangi ya maziwa, lile ulilomnunulia kwa mshahara wako wa kwanza, lenye vifungo vikubwa vitano. Nilikuwa nimemshika mkono. Mlipoingia kwa msafara na watu wote wakasimama, yeye alichelewa kusimama kwa sababu ya magoti, na nikakuona unamtazama, ukapunguza hatua mpaka akasimama sawasawa. Sijasahau hilo. Nimejaribu kulisahau, lingenirahisishia kazi, limekataa.

Mimi uliniingiza wewe. Viti maalum vilipotafutiwa watu, ulikuja kwangu na kile kitabu cha kanuni kilichojaa madoa ya chai, ukanifundisha wiki tatu mfululizo mezani kwangu. Namna ya kusimama. Namna ya kuomba utaratibu. Kwamba diwani hamsemeshi diwani mwenzake, wote wanasema na kiti. Ulikuwa mwalimu mzuri, nani atabisha? Ulisema, "Bupe, anayeongoza kikao si mdomo, ni masikio. Kazi yake ni kuhakikisha hata mtu wa upande unaoshindwa anarudi nyumbani akijua alisikilizwa." Niliandika maneno hayo nyuma ya kitabu kwa kalamu ya risasi. Bado yapo. Kila nikiyasoma natamani kukutemea mate, lakini sijayafuta, kwa sababu ni kweli.

Nilipotoa hoja yangu ya kwanza wanaume wa mstari wa mbele wakaanza kuguna na kugonga meza. Uligonga rungu mara moja tu. "Mheshimiwa anaendelea. Tumsikilize." Hukunitazama, wala hukutabasamu, ukaniita Mheshimiwa kama ulivyomwita kila mtu. Siku hiyo nilijivunia kuwa mdogo wako kuliko siku nyingine yoyote.

Mwaka uliofuata mama akafariki. Tulimzika pale pale kwetu, juu ya kona, penye migomba yake. Ulikwenda Mafinga mwenyewe kuchagua mbao za msalaba, ukarudi na vumbi la mbao nywelani, ukalia mbele ya mchungaji bila kujificha. Nayataja haya watu wajue kwamba hukuwa mtu mbaya tangu tumboni. Ungekuwa mbaya tangu zamani nisingekuwa na hasira hii, ningekuwa nimekuzoea.

Kisha likaja suala la maegesho ya malori.

Sitasema maegesho hayakuhitajika. Malori yalikuwa yanalala barabarani, watu wamegongwa. Sehemu zilizopendekezwa zilikuwa mbili. Moja ng'ambo ya kijito, haina kaburi wala nyumba, ila barabara yake ingechukua muda kuchongwa. Nyingine ni kona yetu, pamoja na makaburi ya familia sita, la mama likiwemo. Baraza liligawanyika. Wewe uliitaka kona, kwa sababu ulikuwa umekwisha kumwahidi mkubwa mmoja kwamba kazi ingeanza kabla ya masika. Na Naibu wako aliitaka ng'ambo ya kijito, kila mtu alijua.

Jumapili kabla ya kikao ulikuja kwangu kutoka kanisani. Ulikula ndizi za nazi, ukaomba uongezewe. Ukasema, "Bupe, Jumatano lazima tutamke maslahi. Mama yetu amelala pale, kanuni haituruhusu kukaa ndani likijadiliwa." Nikasema sawa, hata mama asingekaa. Ukasema, "Basi anza wewe. Ukishatamka na kutoka, mimi nitafuata, nitamwachia Naibu kiti. Itapendeza Meya akimfuata diwani wa kawaida." Nilikuona mtu mkubwa sana. Nilikufungia ndizi nyingine umpelekee wifi.

Jumatano ikafika. Dua ikasomwa, muhtasari ukathibitishwa, ajenda ikatajwa. Nikasimama. "Mstahiki Meya, natamka maslahi. Mama yangu mzazi amezikwa katika eneo linalojadiliwa." Ukaitikia kwa kichwa taratibu kama hakimu, ukasema, "Baraza linamshukuru Mheshimiwa kwa uadilifu wake. Kanuni inamtaka atoke nje hadi suala litakapoamuliwa." Nikakusanya makaratasi yangu nikatoka. Pale mlangoni niligeuka kidogo nikakuona unanywa maji. Nikadhani unajiandaa.

Kule nje, kwenye kibaraza, mama anayetupikia chai ya vikao alikuwa anapanga vikombe. Akaniletea kiti. Nikamwambia, "Leta viwili, Meya anakuja." Akaenda akaleta kingine, akakipangusa kwa kanga yake kwa sababu ni cha Meya. Nikakaa kwenye kimoja, nikaweka mkono juu ya kingine ili mtu asikichukue.

Nilikaa na kiti chako, Lusekelo. Nilisikia mjadala wote kupitia dirisha la vioo lililoachwa wazi. Nilikusikia ukimpa huyu nafasi, ukimkatiza yule. Kila mtu ndani ya ukumbi alijua mama yangu ni nani. Alikuwa anaitwa kwa jina lako! Madiwani waliolala matanga nyumbani kwetu, waliobeba jeneza, walikuwa wamekaa humo, hakuna aliyethubutu kukuuliza, kwa sababu kanuni inataka mtu atamke mwenyewe. Nilimtazama mama wa chai, naye akatazama vikombe.

Kisha nikasikia, "Wanaoafiki waseme ndiyo." Zikaja sauti chache, za mstari wa mbele. "Wasioafiki waseme siyo." Ile siyo ilitikisa vioo. Mama wa chai alishtuka, kijiko kikamponyoka. Na kwa sauti ile ile nzito ya kuazima niliyoisikia nikiwa na miaka saba, ukasema, "Waliosema ndiyo wameshinda." Ukagonga rungu.

Mtu yeyote angeweza kuomba mikono ihesabiwe. Hakuna aliyeomba. Wakati wote huo mimi nilikuwa nje, na mkono wangu uko juu ya kiti chako.

Mlitoka kwa msafara, joho likipepea. Nilisimama, kwa sababu Meya akipita watu husimama. Ulivitazama vile viti viwili. Naapa ulivitazama, na ulielewa. Ukasema kwa sauti ya chini, "Tutaongea nyumbani." Mwaka huu ni wa sita. Nyumbani ni wapi, kaka?

Kikao kilichofuata nilijaribu kurekebisha muhtasari. Ulikuwa umeandikwa vizuri sana, "Mheshimiwa Bupe alitamka kuwa ana maslahi kwa kuwa mama yake mzazi amezikwa katika eneo husika, akatoka ukumbini." Nikanyoosha mkono, nikaomba iongezwe kwamba mama huyo ana watoto wawili na wote ni wajumbe wa baraza hili. Hukupaza sauti. Uliuliza kwa upole, "Je, kuna neno lililoandikwa hapa ambalo Mheshimiwa hakulisema?" Nikasema hakuna. "Kuna neno lililosemwa kikaoni ambalo halikuandikwa?" Nikasema hakuna. "Basi muhtasari ni sahihi." Ukachukua kalamu ukatia sahihi, jina lako chini kabisa ya karatasi inayosema mama ana mtoto mmoja.

Nimeutoa nakala muhtasari huo. Ninao kwenye mkoba, kwenye mfuko wa plastiki, usilowe.

Siku ya kuhamisha wewe ulikuwa Dodoma kwenye semina. Ulimtuma dereva na shada la maua. Mimi nilikuwepo, na mjomba, na mchungaji, na bwana afya aliyevaa mabuti. Walichimba taratibu, ukungu haukupanda hadi saa nne. Sitaandika niliyoyaona, ila moja. Lile sweta tulilomzika nalo lilikuwa limekwisha, lakini vifungo vilikuwepo, vyote vitano, vimejipanga kwenye udongo mwekundu kama alivyovifunga. Nilivirudisha vinne. Kimoja ninacho. Nilikuwa nimekifumbata mkononi siku nilipoapishwa kuwa Meya, na ndiyo maana picha zinanionyesha nimekunja ngumi. Watu walidhani ni ari.

Tulimpeleka kwao, Rungwe, juu ya shamba la mjomba. Njia nzima mjomba hakusema neno isipokuwa moja, tulipofika. Aliligusa sanduku akamshukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, dada. Umerudi." Dereva wako alishusha maua, akaniuliza aandike nani kwenye kitabu cha safari kama mpokeaji.

Haya, dunia ikageuka kama inavyogeuka. Kura za maoni zikakuangusha, ukafunga virago ukaenda Iringa kuuza mbao. Madiwani wakanichagua mimi. Najua ulisema nimekaa kwenye kiti chako. Ni kweli, na joho ni lako pia. Fundi cherehani alilikata sentimita nyingi kwa chini na bado linafagia. Nilimwambia kile kipande alichokikata asinipe.

Unataka kujua naongozaje? Wanakwambia, nina hakika, lakini nisikie mimi. Nahesabu mikono. Siku ya kwanza nilitangaza kwamba katika baraza nitakaloliongoza hakuna jambo la watu litakaloamuliwa kwa kupiga kelele, na wazee wa mstari wa mbele wakaguna, nikahesabu mikono ya hilo pia. Wanaonipinga nawapa dakika zao kamili. Wakati mwingine nawaongezea, na inaniuma, kwa sababu wengine ni wajinga na wengine ni waongo. Nafanya yote uliyonifundisha. Ninayafanya vizuri kuliko wewe, na kila ninapoyafanya najua kwamba nakupiga.

Mwezi wa tatu likaja suala la njia inayopita kwenye shamba la shemeji yangu. Jambo dogo. Nikatamka maslahi, nikavua mkufu, nikamwachia Naibu kiti, nikatoka. Mama wa chai yuko pale pale na vikombe vyake. Akaniuliza, "Kimoja au viwili, Mstahiki?" Akacheka. Mimi nilishindwa. Nilikaa kwenye kimoja nikaitazama ile sehemu ya saruji ambapo kingine kilikuwa.

Sasa tuje kwenye jiwe. Mwaka huu tukasema tumjengee kaburi, msalaba wako wa Mafinga umeoza tangu tulipouhamisha. Nikaenda Mbeya mjini kwa fundi wa mawe. Ni kijana mtaratibu, anaandika herufi kwanza kwa chaki. Akauliza jina la marehemu kama alivyojulikana. Nikamwambia, "Mama Bupe." Akaandika. Akauliza, "Na watoto aliowaacha?" Nikamwambia, "Bupe." Akangoja, chaki hewani. "Hakuna mwingine?" Nikatoa muhtasari mkobani nikamwonyesha mstari. Aliusoma, akaangalia sahihi iliyo chini, akaangalia jina langu, akaona ubini ni mmoja, akarudi kwenye sahihi. Akasema, "Mama, mimi nitaandika unavyosema, lakini nitaacha nafasi." Nikamwambia hiyo nafasi ni ya kwake, mimi sikuiomba.

Nilifurahi, Lusekelo. Sitajifanya mtakatifu kwa sababu navaa joho. Nilirudi na basi nimekaa dirishani, nimefurahi kama mtu aliyekula akashiba. Nilitaka uumie, na nilitaka uumie hapo hapo ulipoumiza, kwenye jina. Ulikuwa na mama aliyeitwa kwa jina lako na mji mzima, ukamnyamazia mbele ya mji mzima ili usishuke kwenye kiti kwa saa moja. Sasa mjomba ananiambia huli vizuri. Mkuki kwa nguruwe.

Furaha hiyo ilidumu hadi Rungwe. Jiwe lilipofika, limefunikwa shuka likingoja siku yake, yule bibi wa jirani wa mjomba, anayepeleka maua kaburini kila Jumapili, alifunua ncha akamwambia mjukuu wake amsomee. Akashangaa. "Mama Bupe ndiye nani? Hapa kalala Mama Lusekelo." Nikamwambia ndiye huyo huyo. Akasema, "Huyo simjui mimi," akafunika. Nakueleza hili ili usije ukalisikia kwa mtu mwingine ukadhani nilikuficha. Liliniuma, na halikunibadilisha.

Kwa hiyo, ombi lako. Mjomba anasema jambo la jina haliwezi kuamuliwa na mimi peke yangu, wala na wewe kwa kutuma salamu. Ukoo utakaa Rungwe, siku moja kabla ya kufunua jiwe, asubuhi baada ya uji. Nikamuuliza nani ataongoza kikao. Akasema, "Mwanangu, tuna Meya ndani ya nyumba, tukamtafute nani tena? Ongoza wewe. Sisi wengine tutasikiliza."

Nimekubali.

Najua unachokifikiria, maana ulinifundisha wewe. Unasema Bupe ana maslahi, jina lake ndilo lililo kwenye jiwe, kanuni inamtaka ashuke. Ni kweli. Nina maslahi makubwa kuliko ya mtu yeyote atakayekuwepo pale. Katika baraza ningeshuka kabla hata ya kuulizwa. Lakini hiki si kikao cha baraza, ni kikao cha watoto wa mama, na katika hivyo mwenyekiti wangu ni wewe. Mwenyekiti wangu alinionyesha kwamba mtu anaweza kukaa kwenye kiti, akanywa maji, akanyamaza. Nitakaa. Nitakunywa maji.

Una njia mbili, nami nakupa zote mapema, usije ukasema uliviziwa. Ukija ukanyamaza, nitaendesha ombi lako kama la mtu baki aliye mbali. Nitauliza ndiyo, nitauliza siyo. Sitahesabu mikono siku hiyo. Nitasikiliza kwa masikio, na masikio yangu nimeyarithi kwako.

Au utasimama. Shangazi zetu wakiwa wamekaa, na yule bibi wa jirani, na watoto wako ambao sijui umewaeleza nini, utasema kile ulichotakiwa kusema Jumatano ile. Natamka maslahi, huyu ni mama yangu mzazi. Utakisema kwa sauti ya kusikika, na mjomba atakiandika kwenye daftari, kwa sababu nimemnunulia daftari. Baraza la ukoo litakushukuru kwa uadilifu wako. Na kanuni unaijua: ukishatamka, unatoka nje hadi jambo liamuliwe.

Nitakusindikiza mwenyewe mpaka mlangoni, na hapo ndipo nitakupa shikamoo yako, kwa heshima zote, kwa kupiga goti kama mama alivyotufundisha. Halafu nitarudi ndani kwenye kigoda chake. Mguu mfupi bado unataka jiwe, nimelitafuta. Utasikia yote kupitia dirishani. Sijui nitaongozaje nikifika hapo. Pengine nitaomba mikono, pengine sitaomba. Hilo ndilo utakalokaa nalo pale nje kwenye migomba ya mjomba, kama mimi nilivyokaa na langu.

Usihofu, hutasimama juani. Siku ile mimi niliomba viti viwili. Wewe nitakuwekea kimoja.

Mdogo wako,
mtoto pekee wa mama kwa mujibu wa muhtasari ulioutia sahihi,
Bupe